Tezi Isiyokunywa Wino

1

Saa nne na dakika kumi asubuhi kidole changu cha shahada kiligusa kitu kigumu ndani ya kwapa la Bi Nyamizi Kasele, na ramani ikaniambia kwamba pale hapakuwa na kitu.

Nitajaribu kueleza mambo yalivyokuwa. Nimeshajieleza kichwani mara nyingi sana, na kila mara nilitoka mtu mzuri. Sikuwa mtu mzuri.

Bi Nyamizi alikuwa amelala usingizi wa dawa, mkono wa kushoto umenyooshwa juu ya ubao. Uvimbe wa titi tulikuwa tumeshautoa. Zilibaki tezi za limfu za kwapani, kwa sababu saratani ya titi ikitaka kusafiri hupitia huko kwanza. Siku moja kabla tulimpiga picha na kumchoma wino pembeni ya uvimbe. Wino ule hutambaa kwenye mishipa ya limfu, na kila tezi unayopitia huunywa kidogo. Kamera iliyo juu ya meza huona wino ulipo, huulinganisha na picha, kisha hunichorea yote kwenye miwani: tezi nzima kwa kijani, tezi yenye ugonjwa kwa rangi ya chungwa, kila moja mahali pake chini ya nyama kabla sijaifikia. Mgonjwa akivuta pumzi, ramani nayo huvuta.

Walimu wangu hawakuwa na kitu hiki. Walikuwa wanakomba kwapa zima, tezi ishirini, thelathini, nzima na mbovu pamoja, na mama wa watu anarudi nyumbani na mkono utakaovimba mpaka siku anazikwa. Mimi natoa mbili au tatu na kufunga. Ndiyo maana niliipenda ramani, na kwa hilo sioni haya hata leo.

Siku ile ramani iliwasha tatu za rangi ya chungwa. Nilizitoa zote bila kumwaga damu ya kujaza kijiko. Kisha nikapeleka kidole ndani ili kusogeza nyama, Sista apate kupitisha mpira wa kunyonya, na ndipo nikaigusa. Ilikuwa ngumu kama punje ya hindi kavu, imejibanza nyuma ya mshipa. Kwenye miwani ilikuwa ya kijivu, rangi ambayo ramani huyapa makovu na mafuta. Bi Nyamizi aliwahi kupasuliwa jipu kwapani akiwa msichana, na ramani ilikuwa imeamua kwamba hilo ndilo kovu lake.

Jambo hili analijua hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu, maana mimi ndiye ninayemfundisha: tezi iliyojaa saratani pomoni hainywi wino. Njia zake zimeziba. Ile mbaya kuliko zote ndiyo inayoweza kukosa kuwaka. Kwa sababu hiyo, zamani mpasuaji alilazimika kupapasa kwapa kwa kidole kabla ya kufunga. Kanuni hiyo niliifuta mimi mwenyewe, kwa barua ya kurasa nne, nikiandika kwamba ramani ya sasa inasoma picha na wino kwa pamoja, na kidole ni kubahatisha.

Kuitoa kungechukua dakika tano. Lakini kukata mahali ambapo ramani haijawasha kunaitwa mkengeuko, na mkengeuko huandikwa, husomwa nchi nzima na hujibiwa mbele ya jopo. Nyuma ya kioo walisimama wageni kumi na wawili kutoka hospitali sita zilizotaka ramani, na ukutani juu ya vichwa vyao ilikuwepo namba iliyokuwa inanifuata kila mahali siku zile: upasuaji mia nne na kumi na moja bila mkengeuko. Hakuna daktari mwingine nchini aliyekuwa amefika mia mbili.

Ipo pia sheria inayomlinda daktari aliyefuata ramani. Hashtakiwi wala haulizwi. Ningependa kusema kwamba niliiogopa sheria, ingekuwa afadhali. Sikuifikiria kabisa. Nilifikiria namba.

"Dokta?" Sista Perpetua Ndunguru, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, alikuwa ameshika mpira wa kunyonya hewani.

"Naam."

"Tunaendelea?"

Nilitoa kidole. "Tunafunga."

Kabla ya kufunga, mpasuaji husema kwa sauti maneno mawili na muuguzi huyarudia, na hapo ndipo kumbukumbu ya mashine hujifunga.

"Ramani safi," nikasema.

Alichelewa kidogo kunijibu. Nilijifanya kutafuta sindano.

"Ramani safi," akasema Sista.

Namba ukutani ikawa mia nne na kumi na mbili, na nyuma ya kioo wageni wakapiga makofi ambayo hatukuyasikia.

2

Miezi mitatu baadaye Bi Nyamizi aliingia kliniki akiwa na sare ya reli, kofia kwapani. Alikuwa na miaka hamsini na minne, dereva wa treni ya Tabora hadi Kigoma. Treni zetu zinajiendesha siku hizi, lakini sheria bado inataka mtu aketi mbele na mkono wake uwe juu ya breki, na kwenye njia ile mtu huyo alikuwa yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dokta, umenenepa. Nilikuona kwenye habari, sifa zimekukaa mwilini."

Nilicheka. Nilicheka kweli, nikamlaza kitandani na kumpitishia kamera, kwani ilikuwa ziara ya kawaida tu. Kwapani, nyuma ya mshipa, ramani, ambayo kliniki husoma ukubwa tu bila wino, ikawasha tezi moja ya rangi ya chungwa, kubwa kama harage, kubwa mno kuitwa kovu.

Sikushtuka kama mtu anayeona jambo jipya. Nilikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Umewahi kuisikia mwenyewe? Kwa kuigusa?"

"Niguse vipi wakati karatasi yenu imekataza? Si mmeandika, usijipapase, ramani itaona?"

Karatasi ile pia niliiandika mimi.

Tulimchoma sindano tukavuta chembe, na kufika saa nane mchana jibu lilikuwa kwenye meza yangu: saratani. Chini yake mashine ilikuwa imeshaandika maelezo na mpango wa tiba. Kwa kuwa kwapa lilifungwa likiwa safi, ilisema, tezi hii imeota kutoka sufuri hadi ukubwa huu ndani ya siku tisini na mbili. Saratani inayokimbia hivyo ni ya kasi kabisa. Mpango: dripu ya dawa kali kila wiki mbili, mwaka mzima.

Hesabu ilikuwa sahihi. Ilichokosea ni mahali pa kuanzia, na mahali pale nilikuwa nimeisemea mimi kwa sauti.

Dawa ile naijua. Katika wagonjwa watatu, mmoja hupoteza hisia za vidole vya mikono na miguu, na mara nyingi hazirudi. Dereva wa treni hupimwa vidole kila nusu mwaka. Kama tezi ile ilikuwepo tangu mwanzo, na ilikuwepo, basi haikuwa ya kasi yoyote. Ilikuwa imejiongeza taratibu kutoka punje ya hindi hadi harage, na tiba yake ilikuwa kisu, nusu saa, na vidonge vya kawaida.

Nilifungua mpango ili niubadilishe. Mashine ikauliza: sababu? Nikaandika, uamuzi wa daktari. Ikakataa. Ilitaka ushahidi kwamba tezi ilikuwepo kabla ya upasuaji. Ushahidi pekee duniani ulikuwa kwenye ncha ya kidole changu.

Mlangoni Bi Nyamizi alikuwa anangoja na kofia yake. Nilimwambia majibu yana utata kidogo, aje kesho kutwa. Akashukuru. Alipoondoka nilifunga mlango, nikakaa na aibu yangu.

3

Mkurugenzi wetu, Dk. Rwegoshora, ni mtu mpole, na upole wake ndio uliokaribia kuniponza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kuna mtu mwingine anajua?"

"Sijui, Mkuu."

"Kumbukumbu inasemaje?"

"Safi."

"Basi wewe unataka kujichongea kwa nini, Lusajo?" Alivua miwani yake, ya kawaida, ya kusomea. "Hukuwa na uhakika. Kidole kiligusa kitu. Vidole hugusa vitu. Kingeweza kuwa kovu kweli."

"Nilijua si kovu."

"Ulijua, au leo ndiyo unajua kwamba ulijua?"

Swali zuri lile. Nililibeba siku nzima nikitamani linifae.

"Tazama," akaendelea, "hospitali sita zinapokea ramani mwaka huu. Huko bado wanakomba makwapa. Ukisimama wewe, wewe hasa, ukasema ramani ilipitwa na tezi, watasitisha. Hesabu mikono itakayovimba. Na yule mama hatakufa. Atapata tiba kali kuliko anayohitaji, basi. Kuna watu wanakosa hata hiyo hafifu."

"Atapoteza vidole, Mkuu."

"Labda. Mmoja kati ya watatu."

Alisema kwa huruma, na nitakuwa mwongo nikisema nilimchukia. Nilimshukuru. Nilitoka ofisini kwake nimepewa ruhusa niliyoifuata, na nilitembea kama hatua kumi nikiwa mwepesi kabla sijajiona. Zile hatua kumi ndizo zinazoniumiza zaidi kuliko hata siku ya upasuaji, maana siku ile nilikuwa na haraka, lakini koridoni nilikuwa na muda wote wa kufikiri.

4

Nilimkuta Sista Ndunguru kwenye chumba cha vyombo akipanga makoleo. Nilitaka kumuuliza kwa kuzunguka, nikashindwa hata kuanza.

"Amerudi yule mama wa treni," akasema bila kugeuka.

"Amerudi."

"Kwapani?"

"Kwapani."

Aliendelea kupanga. Alipomaliza safu moja akaifumua na kuanza upya.

"Kidole chako kilisimama, dokta. Nilihesabu sekunde. Nilifika sita."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?" Hakunipandishia sauti. "Nilikuuliza, tunaendelea? Nimekushikia vyombo miaka kumi na minne, sijawahi kukuuliza swali hilo. Nikadhani utaelewa. Ulielewa, ukasema tunafunga. Na mimi nikasema safi. Usidhani ni wewe tu uliyesema safi siku ile."

Macho yake yalikuwa mekundu, na nilielewa kwamba hayakuanza kuwa mekundu leo. Miezi mitatu mimi nilikuwa nasafiri kutoa mihadhara. Yeye alikuwa anashika zamu na neno lile mdomoni.

"Nitamwambia kesho," nikasema.

"Ukimwambia, usiniweke pembeni kunilinda. Nami nipo."

"Watatusimamisha wote wawili, Sista."

"Watusimamishe," akasema, akaendelea na makoleo yake.

5

Bi Nyamizi alikuja asubuhi, siku hiyo na kitenge, hakuwa kazini. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimpa kiti, nikamwamkia, nikaanza kwa kumweleza jinsi wino unavyosafiri, na jinsi tezi iliyoziba inavyoweza kushindwa kuunywa, na jinsi teknolojia yoyote ilivyo na mipaka yake. Nilikuwa naongea vizuri. Nilijisikia nikiongea vizuri, sauti ileile ya mihadhara, na nikaona haya katikati ya sentensi.

"Mama, nisamehe. Naanza tena. Ile tezi niliigusa siku ya upasuaji. Kwa kidole hiki. Nilijua ni mbaya, nikaiacha."

Alikitazama kidole. Nikaendelea.

"Mashine imeandika kwamba saratani yako imerudi, na kwamba inakimbia. Haikurudi. Haikuondoka. Ukitibiwa kwa maneno ya mashine utapewa dawa itakayoweza kukutoa kazini, na huihitaji. Unahitaji nikuache mikononi mwa Dk. Kapaya, ni mpasuaji mzuri, akaitoe wiki hii."

"Uliiacha kwa nini?"

"Ramani haikuiwasha. Ningeikata ingehesabiwa nimekwenda kinyume na ramani."

"Sijakuuliza ramani. Nakuuliza wewe."

"Kulikuwa na wageni wananitazama."

Alinitazama. Nimetazamwa na wagonjwa wengi, wenye hofu, wenye hasira, wanaokaribia kufa, na sijawahi kutamani kujificha chini ya meza yangu mwenyewe kama wakati ule.

"Mlikula nini?"

"Unasemaje, mama?"

"Siku hiyo. Mnapokuwa na wageni si huwa kuna chakula baadaye? Mlikula nini?"

"Pilau."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Ukaongeza?"

Ningeweza kudanganya. Ni kitu kidogo, sahani ya pilau. "Niliongeza," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kipimo alichokuwa anakitafuta. Kisha akauliza lile ambalo sikuwa nimelipangia jibu.

"Ni mimi peke yangu?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Kidole ni chako."

"Nilikuwa nimeshaacha kuweka kidole, mama. Miaka miwili sasa. Siku yako kilifika kwa bahati, nilikuwa nasogeza nyama. Hao wengine sikuwagusa, kwa hiyo siwezi kujua."

Hapo ndipo alipoinamisha uso, na ndipo nilipoelewa mwenyewe nilichokisema. Mia nne na kumi na mmoja wengine. Nilikuwa nimekuja kuungama tezi moja.

"Sisi," akasema baadaye, "dereva akipita taa nyekundu, hata kama hakuna aliyeumia, hata kama ni usingizi wa sekunde, anasimamisha treni, anashuka kwenye kichwa cha treni palepale, anaita kituo. Hasubiri miezi mitatu. Abiria wanamzomea, anakaa juani, anasubiri wa kumpokea. Nimeshashuka mara moja. Stesheni nzima ilinitazama." Akaelekeza kidole kwenye mashine yangu. "Uandike. Sasa hivi, nikiwa hapa."

Nilifungua faili lake. Mashine ikauliza chanzo cha kosa, ikanipa vitatu vya kuchagua: hitilafu ya chombo, hali ya mgonjwa, mengineyo. Nikachagua mengineyo na kuandika. Akaniambia nisome.

"Mpasuaji alihisi tezi ngumu isiyo na wino nyuma ya mshipa, na kwa..."

"Mpasuaji nani?"

Nikafuta. Nikaandika upya, nikasoma. "Mimi, Lusajo Mwaipasi, nilihisi tezi ngumu, nikajua kuwa ni ya saratani, nikaiacha kwa sababu nilikuwa natazamwa na wageni na sikutaka kuharibu hesabu yangu. Muuguzi Perpetua Ndunguru aliniuliza kama tunaendelea. Nilimjibu tunafunga. Naomba wagonjwa wangu wote wa miaka miwili waitwe, wapapaswe kwa mkono."

"Tuma."

Nilituma. Mashine ilichukua sekunde chache kisha mpango wa dripu ukafutika, na mahali pake pakaandikwa upasuaji mdogo, siku ya Alhamisi, Dk. Kapaya. Jina langu juu ya faili likageuka jekundu. Simu yangu ilianza kutetemeka mezani karibu mara moja. Kwenye kioo chake lilionekana jina la Mkurugenzi, na sikuigusa.

Bi Nyamizi alisimama kujifunga kitenge vizuri. Nilidhani anaondoka, nikasimama pia. Badala yake akaufungua ushungi uliomfunika mabega, akanyanyua mkono wa kushoto mpaka pale bega lilipomruhusu.

"Nionyeshe ilipo. Nataka nimwambie huyo Kapaya mwenyewe, nisimtegemee mtu."

Nilinawa mikono. Maji yalikuwa ya baridi, nikaipasha kidogo kwa kuisugua. Niliweka vidole viwili kwapani mwake, juu kidogo nyuma ya ule mshipa, na haikunichukua hata sekunde moja kuipata.

"Hapa," nikasema.

Aliusukuma mkono wangu pembeni, akaweka wa kwake. Alibonyeza kidogo, akasogeza kidole, akarudisha. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza injini. Kisha akanitazama.

"Mbona hata mimi naisikia," akasema.

Alishusha mkono, akajifunga ushungi wake, akaniacha nimesimama pale na mikono yenye maji.